Tukishapata Sisi, Je, Yamekwisha?

Kuna swali ambalo hatulipendi sana, kwa sababu hutujia wakati ule ule tunapofurahi. Tulidai haki yetu, tukasumbuka, na mwishowe tumepewa. Jirani aliyekuwa akidai pamoja nasi hajapewa. Je, mbele ya Mungu tunayo ruhusa ya kwenda zetu nyumbani?

Tulitazame swali hili kwa njia ya habari iliyotokea Poland mwaka 1980, katika mji wa bandari wa Gdańsk.

Poland wakati ule ilitawaliwa na chama cha kikomunisti, kilichosema kwamba kinatawala kwa niaba ya wafanyakazi. Basi, kama serikali ni ya wafanyakazi, mfanyakazi atagoma dhidi ya nani? Atajigomea mwenyewe? Vyama vya wafanyakazi vilikuwapo, lakini vilikuwa mkono wa chama tawala. Kazi yao ilikuwa kuwatuliza watu kuliko kuwasemea. Wazee wetu wa Tanzania wanaokumbuka jinsi TFL ilivyovunjwa mwaka 1964 na NUTA kuwekwa mahali pake wataelewa jambo hili upesi, ingawa nchi hizi mbili hazikufanana katika mengine mengi.

Kule damu ilikwisha kumwagika. Desemba 1970 serikali ilipandisha bei ya vyakula siku chache kabla ya Noeli. Wafanyakazi wa Gdańsk, Gdynia na miji mingine ya pwani wakaingia barabarani, askari wakawapiga risasi, na makumi ya watu wakafa. Waliobaki hawakuruhusiwa hata kuwakumbuka wafu wao hadharani.

Mwezi wa Agosti 1980, kiwanda cha kutengeneza meli cha Gdańsk kilimfukuza kazi mama mmoja mwendesha kreni, Anna Walentynowicz. Kosa lake lilikuwa kujishughulisha na chama huru cha wafanyakazi. Alikuwa amebakiza miezi mitano tu kufikia pensheni yake. Tarehe 14 Agosti wenzake waliweka zana chini. Walidai arudishwe kazini, yeye pamoja na fundi umeme Lech Wałęsa aliyefukuzwa miaka kadhaa kabla. Walidai mishahara iongezwe. Tena walidai mnara wa kumbukumbu kwa waliouawa mwaka 1970. Habari ikaenea, na viwanda vingine vya mji vikagoma kuwaunga mkono.

Siku ya tatu, Jumamosi tarehe 16, mkurugenzi alikubali. Nyongeza ilipatikana, waliofukuzwa wangerudi, mnara ungejengwa. Wałęsa akatangaza kwamba mgomo umekwisha, na watu wakaanza kuelekea langoni. Nani angewalaumu? Walikuwa wamechoka, walikuwa na watoto, na walichokidai walikuwa nacho mkononi.

Hapo ndipo sauti za wanawake zilipoinuka. Henryka Krzywonos, dereva wa tramu, aliwaambia kwamba wakiondoka wao, wale wa viwanda vidogo wamekwisha. Kiwanda cha meli kilikuwa kikubwa, serikali ilikiogopa; madereva wa tramu na mabasi nani angewaogopa? Anna Walentynowicz na Alina Pienkowska, nesi wa zahanati ya kiwanda, wakaenda malangoni kuwasihi watu wasitoke. Wengi walikwisha kutoka. Waliobaki usiku ule walikuwa wachache. Lakini mgomo haukufa: ulibadilika ukawa mgomo kwa ajili ya wengine. Kesho yake Misa Takatifu ikaadhimishwa langoni, na Jumatatu wengi wa wale waliotoka wakarudi.

Tuone vizuri kilichotokea. Mama yule mwendesha kreni alikuwa amekwisha kurudishiwa kazi yake. Kwa upande wake kesi ilikuwa imefungwa. Hata hivyo alisimama langoni kwa ajili ya watu wa tramu.

Maandiko yanayo habari inayofanana sana na hii. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 32, wana wa Rubeni na wana wa Gadi waliona nchi nzuri ya malisho ng'ambo ya mashariki ya Yordani, wakaomba wapewe hiyo. Musa hakuwakatalia nchi. Aliwauliza tu kama ni haki ndugu zao waende vitani na wao wakae kitako. Wakaahidi kwamba watavuka pamoja na wenzao, nao hawatarudi nyumbani kwao mpaka kila mmoja amepata urithi wake. Tena waliitimiza ahadi, na Yoshua aliwaruhusu kurudi kazi ilipokwisha. Kumbe urithi waliopewa ulikuwa wao kweli, ila pamoja nao walipewa deni.

Tunaona kwamba jibu la swali letu limo humo. Haki tuliyoipata kwa nguvu ya wengi si mali yetu peke yetu. Aliyesimama nasi juani alitukopesha uzito wake. Tukiondoka naye akiwa mikono mitupu, tumechukua kilicho chake. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ubaya ni kwamba sisi jana tulikuwa na njaa ile ile.

Wako watakaouliza: je, Mtume Paulo hakuwafundisha Warumi kuitii mamlaka? Na mgomo hauwaumizi wasio na hatia? Maswali haya ni ya haki. Papa Yohane Paulo II, mwenyewe Mpoland, aliandika mwaka 1981 katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu kwamba mgomo ni njia halali, lakini ni ya mwisho, yenye mipaka, na kwamba huduma za lazima kwa jamii zisikatizwe. Watu wa Gdańsk walilijua hilo kwa uchungu wa mwaka 1970. Safari hii hawakuandamana barabarani. Walikaa ndani ya kiwanda, wakapiga marufuku pombe, wakasali. Hata Kardinali Wyszyński, aliyewahi kufungwa na serikali ile, aliwahimiza watulie, akiogopa damu isimwagike tena. Baadhi ya wagomaji waliumia kusikia hivyo. Hatumhukumu mchungaji aliyelihofia kundi lake, wala hatuwahukumu waliobaki langoni.

Madai yao yakawa 21. La kwanza lilikuwa chama huru cha wafanyakazi. Lakini yalikuwamo pia ya watu ambao hawakuwa na kreni wala tramu: likizo ya akina mama waliojifungua, nafasi za watoto wadogo katika vituo vya kulelea, hali ya hospitali, wafungwa wa kisiasa, nafasi ya dini zote katika vyombo vya habari. Tarehe 31 Agosti serikali ilitia sahihi. Chama kilichozaliwa kiliitwa Solidarność, yaani Mshikamano, na baada ya muda kilikuwa na wanachama karibu milioni 10.

Gharama ilifuata. Tarehe 13 Desemba 1981 Jenerali Jaruzelski alitangaza utawala wa kijeshi. Siku tatu baadaye wachimba makaa 9 waliuawa katika mgodi wa Wujek. Padre Jerzy Popiełuszko, aliyewahudumia wafanyakazi wa chuma mjini Warszawa na kuwahubiria kuushinda ubaya kwa wema, aliuawa na maofisa wa usalama mwezi wa Oktoba 1984. Uchaguzi wa kura za kweli ulikuja Juni 1989. Tena tuseme ukweli wote: baada ya ushindi, viongozi waligombana, wafanyakazi wengi walipoteza kazi, na kiwanda kile chenyewe kilifilisika mwaka 1996. Mshikamano hauwekwi ghalani kama mahindi. Kila kizazi hulima wa kwake.

Nasi tunalo la kuungama. Miaka ya nyuma baadhi yetu tulifundisha katika shule moja ambayo mishahara ilicheleweshwa miezi mitatu. Walimu, wapishi na walinzi tulikwenda pamoja kwa mkuu. Wiki iliyofuata walimu tulilipwa. Wapishi na walinzi waliambiwa wasubiri. Tuliwapa pole, tukarudi madarasani. Mpishi mmoja aliendelea kutupikia uji kila asubuhi, wala hakutuambia neno. Hatukumwuliza alilipwa lini. Mpaka leo hatujui.

Basi, tunapokutana katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tusianze na habari za mbali. Tuulizane: katika lile tulilofanikiwa mwaka huu, nani tulimwacha nyuma? Mlinzi wa geti, dada wa kazi, kibarua asiye na mkataba? Tumtaje kwa jina. Kisha turudi tusimame naye, kama wana wa Rubeni na wa Gadi, mpaka naye apate. Mungu atujalie miguu ya kurudi langoni.