Zawadi ya Wote na Kosa la Mmoja

Mwalimu mwenye watoto 80 chumbani, awe Musoma, Bunda au Butiama, afanye nini ili asikike? Fimbo ipo, lakini kanuni za mwaka 2002 ziliiwekea mpaka: viboko visizidi 4, navyo vitolewe na mwalimu mkuu au aliyeagizwa naye. Basi wako waalimu waliochagua njia nyingine. Huligawa darasa kwa safu za madawati. Safu iliyotulia hutangulia kwenda kucheza, na iliyopiga kelele husubiri. Njia hii yafaa, hatukatai. Kule Kansas, Marekani, ilipimwa katika darasa la watoto 24, na habari zake zikachapwa mwaka 1969: kelele na kuzurura darasani vilipungua sana.

Lakini kufaa ni jambo moja, na haki ni jambo jingine. Mtoto aliyenyamaza asubuhi nzima, akanyimwa mchezo kwa kuwa jirani yake alicheka, ametenda kosa gani? Tutaambiwa ya kuwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Wavuvi wa Musoma waijua methali hiyo kuliko sisi, wala hawamwagi tenga zima ziwani; humtoa yule mmoja. Tena wakati wa ukoloni kulikuwa na sheria ya adhabu ya pamoja, iliyoruhusu watu wa mahali pamoja kutozwa faini kwa kosa la wachache, kama vile wizi wa ng'ombe. Ni vigumu kuamini kwamba aliyelipa bila kuiba alijifunza kuipenda haki.

Hata hivyo hatupendi kila mtoto ajitazame peke yake. Mwalimu Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, aliilaumu katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 elimu iliyomzoeza mtoto kujitafutia makuu badala ya kushirikiana na wenziwe. Nasi twakubali. Ila kumwezesha mmoja awaletee wote furaha si sawa na kumwezesha mmoja awanyang'anye wote. Ibrahimu alipowaombea watu wa Sodoma alitaka wema kumi wawaokoe wengi. Hakukubali wema waangamie pamoja na waovu. Basi darasa lihesabiwe mema yake. Kila atuliaye aongeze alama, na zikitimia, wote watoke na mpira; asiwepo awezaye kuzifuta zilizokwisha kupatikana.

Kelele hazitakwisha kwa hayo. Kule Kansas watoto 2 walitangaza kwamba hawachezi tena, wakatengwa na kundi lao ili wenzao wasipate hasara. Kwa wenzao ilikuwa haki. Kwa wale 2 haikutosha: mtoto apigaye kelele kila siku huenda hasikii vema, au ametoka nyumbani bila uji, na hayo hayaandikwi ubaoni. Mzazi wake aitwe shuleni, naye akiitwa aende.