Je, Asiye na Jina Hana Haki?

Simama siku moja, kijana msomaji, juu ya daraja la mto Nyangores mjini Bomet, utazame maji yatokayo katika msitu wa Mau. Maji hayo huungana na ya mto Amala na kuwa mto Mara, nao hupita Tanzania na kuingia Ziwa Viktoria. Ndani yake huishi samaki wasiozidi urefu wa kidole. Mtu akikuuliza majina yao, huenda ukajibu, "Ni samaki tu."

Jibu hilo si lako peke yako. Mwaka 2017 wataalamu walichapisha uchunguzi juu ya samaki wadogo wa jamii ya Enteromius katika mito ya Kenya, ikaonekana kuwa majina machache yamefunika aina nyingi ambazo elimu haijazipambanua. Kumpa samaki jina si kazi ya siku moja: magamba na miiba ya mapezi yake huhesabiwa, hulinganishwa na jamaa zake, na mfano wake huwekwa katika makumbusho ili mwenye shaka akautazame.

Kisha husemwa, "Aina mpya imepatikana." Mpya kwa nani? Samaki huyo alikuwa mtoni kabla ya mashamba makubwa ya chai kuanzishwa Kericho katika miaka ya 1920. Kilicho kipya ni ujuzi wetu. Ningu alipewa jina la Kilatini na Boulenger mwaka 1901, lakini wavuvi wa ziwani walikuwa wakimjua zamani.

Labda utauliza: samaki asiyeshibisha hata mtoto ana faida gani? Swali ni la haki, maana mwenye njaa hali majina. Lakini tazama yaliyolipata Ziwa Viktoria. Sangara alitiwa humo katika miaka ya 1950 ili chakula kiongezeke, na kweli kiliongezeka. Lakini katika miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilitoweka, nyingine kabla ya kupewa jina. Hakuna awezaye kusema tulipoteza nini, kwa kuwa hatukujua tulikuwa na nini.

Basi, ujinga si ruhusa. Asiyejua kilichomo chunguni hakivunji chungu. Siku utakapokuwa na shamba kando ya mto, usioshe bomba la dawa majini, wala usikate miti ya ukingoni kwa sababu humwoni aishiye kivulini mwake. Jina ni heshima tumpayo kiumbe tukishamjua. Uhai alikuwa nao kabla yetu.