Nani Mwenye Haki ya Karatasi za Marehemu?



Tangu tumzike Mzee wetu wa kanisa, maneno hayaishi kwenye foleni ya maji. Marehemu aliacha daftari. Tangu Mocímboa da Praia ilipovamiwa mara ya kwanza, Oktoba 2017, alikuwa akiandika: nani amekufa, nani amepotea, shamba la nani linaishia kwenye mwembe upi. Daftari hilo limo katika sanduku la kanisa, na ufunguo tunao sisi. Wengine wanasema ndani yake mna hesabu ya fedha za wafadhili. Wengine wanasema tumekwisha kuliuza. Tungependa tulifikirie jambo hili pamoja kabla ya kulijibu.

Vijana wetu hupenda kusimulia habari za Nikola Tesla, mtaalamu wa umeme aliyefariki New York tarehe 7 Januari 1943. Husema kwamba serikali ya Marekani ilizifungia karatasi zake kwa kuwa aligundua umeme wa bure. Uvumi huo una mzizi. Ni kweli kwamba ofisi ya serikali ilichukua vitu vyake wakati wa vita, ingawa alikuwa raia wa nchi hiyo. Mwanasayansi mmoja, John G. Trump, alizipitia karatasi akaona mna mawazo na ndoto zaidi kuliko silaha za kutisha. Baadaye zilipelekwa Belgrade, na leo zimo katika makumbusho yenye jina lake. Lakini umeme wa bure bado unasimuliwa. Anayefungiwa nje hujaza sanduku kwa kile anachokikosa. Kambi isiyo na umeme hujaza umeme. Wenye njaa hujaza fedha za wafadhili, na hatuwezi kuwalaumu.

Karibu nasi zaidi ni Daktari Livingstone, mganga na mtafiti aliyeshuka Mikindani mwaka 1866, ng'ambo ya Ruvuma, akaelekea bara. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake, akina Susi, mwenyeji wa Chupanga kando ya Zambezi katika Msumbiji yetu hii, na Chuma, Myao, waliita wenzao wote. Masanduku ya marehemu yakafunguliwa mbele ya macho ya wote ili wote wawajibike, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaorodhesha vilivyomo. Kisha wakaubeba mwili pamoja na karatasi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Tungeweza kuishia hapo na kusema: basi, lifunguliwe mbele ya wote. Lakini kuna habari ya Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Mwaka 1871 karatasi zilimwishia Livingstone, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa kujitengenezea. Tarehe 15 Julai aliona watu wakiuawa kwa bunduki sokoni, mamia kwa kukadiria kwake. Wino ule ulififia usisomeke. Mwaka 2011 wasomi waliusoma tena kwa kupiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali. Walipolinganisha na daftari safi aliloliandika baadaye, ambalo ndilo lililochapwa kitabuni mwaka 1874, waliona kwamba mashaka yake juu ya watu wa msafara wake mwenyewe yalikuwa yamepunguzwa makali. Hapakuwa na serikali iliyofunga kitu. Mkono wake ulitosha.

Sasa tuungame. Katika daftari la Mzee hamna fedha. Mna majina ya vijana wetu walioingia msituni pamoja na wavamizi, na mama zao huketi nasi Jumapili. Mengine aliyaona kwa macho yake; mengine alisikia tu, na kwa uaminifu wake aliandika pembeni, "nimeambiwa". Tulipoyasoma usiku ule tuligeuza ufunguo. Tuliogopa, tukauita woga wetu hekima. Na humo humo mna mipaka ya mashamba ambayo mjane hana ushahidi mwingine wa kuonyesha atakaporudi.

Yeremia aliponunua shamba la Anathothi, mji ukiwa umezingirwa, hati zilikuwa mbili: moja imetiwa muhuri, nyingine wazi, zote katika chombo kimoja cha udongo (Yeremia 32). Tumeihubiri sura hiyo tangu chuo cha Biblia, na hatukuwahi kuuliza kwa nini mbili. Labda iliyofungwa ilizuia mtu asiibadilishe ile ya wazi, na ya wazi ilizuia watu wasizushe juu ya iliyofungwa.

Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada sanduku litafunguliwa uwanjani. Kurasa za waliokufa, waliopotea na za mashamba zitasomwa na kunakiliwa. Kurasa za vijana hazitasomwa kwa sauti, maana jina lililoandikwa kwa kusikia linaweza kuua mtu asiye na hatia. Lakini hakuna hata moja itakayochanwa, na wazee watatu pamoja na akina mama wawili watazihesabu mbele yenu. Kabla ya Jumamosi tutakuwa tumefika kwa kila mama aliyetajwa, sisi wenyewe, kwa miguu. Anayeona tunakosea aje atuambie mapema. Mwenye kalamu aje nayo, za kanisa zimekwisha.