Uzuri na Deni Lake

The Nutcracker ilichezwa mara ya kwanza St. Petersburg mwaka 1892. Katika sehemu ya pili, mtoto hukaribishwa kwa vitamu vya dunia: chokoleti ni Mhispania, kahawa ni Mwarabu, chai ni Mchina. Kila taifa hupewa dakika chache, kisha hutoka jukwaani.

Mwaka 2016, kampuni ya Joffrey Ballet ya Chicago ilileta toleo jipya la Christopher Wheeldon. Nyumba ya kitajiri haipo tena. Marie sasa ni binti wa mchongaji sanamu, mama mhamiaji maskini, na wanaishi kwenye vibanda vya wajenzi wa Maonyesho ya Dunia ya 1893. Nililipenda wazo hilo. Hatimaye waliojenga wanaonekana.

Lakini maonyesho yale yale yaliwaweka watu wa Dahomey katika kijiji cha kutazamwa kwa kiingilio. Ida B. Wells na Frederick Douglass waligawa kijitabu humo humo, kupinga kutengwa kwa Wamarekani weusi.

Je, ndoto ya mtoto inadaiwa ukweli huo? Rafiki yangu anasema hapana. Krismasi ni Krismasi, waacheni watoto wafurahi. Namwelewa. Hata mimi, muziki wa Tchaikovsky ukianza, hoja zangu hulegea. Ndiyo maana nasita. Ubaya ulio wazi tunaukwepa wenyewe. Uliopambwa ndio unaohitaji mtu wa kutuuliza.

Sitaki ngoma ifutwe. Nasema tu kwamba anayeuchagua mwaka 1893 kwa uzuri wake, amechukua na deni lake.