Mali Isiwe Hakimu wa Ndoa

Liko swali la kale ambalo halijazeeka bado: je, mzazi mwenye mali ana haki ya kumkatalia mwanawe mchumba kwa sababu tu mchumba huyo ametoka katika nyumba ya maskini? Vijana hujibu upesi kwamba hana. Wazazi wengi hujibu upesi kwamba anayo. Yafaa tulitazame kwa utulivu. Na ili tusiseme maneno matupu, tuichukue sinema ya Kihindi iitwayo "Bobby", iliyoongozwa na Raj Kapoor na kutolewa mwaka 1973. Sinema za Kihindi zimependwa tangu zamani katika miji yetu ya pwani, na wazazi wengi wa leo walizitazama walipokuwa vijana.

Habari yake ni hii. Raj ni mwana wa Bwana Nath, tajiri wa Kihindu. Bobby ni binti wa Jack Braganza, mvuvi Mkristo wa kabila la Wagoa, na bibi yake alikuwa yaya aliyemlea Raj utotoni. Vijana hao wapendana. Braganza amwendea Bwana Nath kwa heshima ili wazungumze juu ya watoto wao. Tajiri amshutumu kwamba amemtumia binti yake kumnasa kijana wa watu, kisha ampa fedha ili mambo yaishe. Mvuvi achomwa moyoni, naye arudisha matusi kwa matusi. Tangu hapo wazee wote wawili wakataza, na vijana watoroka.

Tuanze na tajiri. Kosa lake si kumtakia mwanawe mema, wala si kutaka kujua anaoa nani. Hiyo ni kazi ya mzazi, na mzazi asiyeifanya ni mvivu. Kosa lake ni kumpima mtu kwa kipimo cha bidhaa. Alidhani kwamba heshima ya mvuvi ina bei, nayo ni suala la kujua ni kiasi gani tu. Tena twamfahamu zaidi kwa tendo lake la pili: ampangia Raj uchumba na binti wa tajiri mwenzake, msichana mwenye ulemavu wa akili, kwa faida ya biashara. Watazamaji wengi humhurumia Raj hapo, nao hufanya vema. Lakini ni wangapi wamhurumiao msichana yule? Naye ni mtu mwenye roho, naye ametiwa katika mizani kama gunia la karafuu. Hivyo ndivyo mali ifanyavyo ikipewa kiti cha hakimu: haimdhulumu maskini peke yake, bali na watoto wa matajiri wenyewe.

Hata hivyo tusimfanye maskini kuwa malaika. Braganza alitukanwa bila haki, lakini hasira yake nayo ikawa ukuta. Alimkataza binti yake si kwa kuwa kijana yule hafai, bali kwa kuwa baba wa kijana alimvunjia heshima. Kiburi cha aliyeumizwa chasameheka upesi kuliko kiburi cha aliyeumiza, lakini mtoto aliye katikati huumizwa na vyote viwili.

Kanisa lasemaje? Mtaguso Mkuu wa Trento, mwaka 1563, uliwalaumu wale waliodai kwamba ndoa ya watoto bila idhini ya wazazi ni batili. Papo hapo ulisema kwamba Kanisa limechukia daima ndoa za namna hiyo. Maneno hayo mawili hayapingani. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 1057, zafundisha kwamba ndoa hufanywa na makubaliano ya wanaooana, na hakuna uwezo wa binadamu uwezao kuyatoa mahali pao. Lakini kanuni ya 1071 yataka ruhusa ya mkuu wa Kanisa mahali pale iwapo kijana hajatimiza umri wa utu uzima, na wazazi hawana habari au wapinga kwa sababu za haki. Tutie alama hapo: sababu za haki. Ukiisoma orodha yote ya vizuizi vya ndoa, umaskini hutaukuta humo.

Tofauti ya dini, lakini, imo. Bobby ni Mkristo na Raj ni Mhindu. Katika maisha jambo hilo lataka ruhusa maalumu, mashauri, na mapatano juu ya malezi ya watoto. Sinema yalipita kwa wepesi, na hapo vijana wasiifuate. Mzazi aulizaye juu ya imani auliza neno zito. Aulizaye juu ya ukubwa wa nyumba tu auliza neno jepesi.

Mwishoni vijana wajitupa majini penye maporomoko, na baba zao wajitosa kuwaokoa. Bwana Nath amtoa Bobby. Braganza amtoa Raj. Kila mmoja amshika mtoto wa mwenzake, na uadui waisha. Mtu aweza kusema kwamba hiyo ni sinema tu. Lakini fundisho ni la kweli: yule mtu mikononi mwako, aliyelowa na kutweta, hana tabaka. Msiba ni kungoja maporomoko ndipo tuone.

Wazazi, basi, waulize juu ya tabia, bidii, ukweli na uchaji wa Mungu. Wala mahari isigeuzwe kuwa ukuta wa kumzuia kijana mwema asiye na kitu. Vijana nao wasijifiche, maana mapenzi ni kikohozi. Wamlete mchumba nyumbani mapema, wamtumie mshenga mwenye busara, wamwone na padri wao. Kutoroka huwaacha wazee na jeraha, na ndoa ianzayo kwa jeraha huenda ikichechemea. Mali ije katika arusi kama mgeni mwenye zawadi. Asiachiwe kukaa mahali pa baba mwenye nyumba.