Wazo la Leo: Chombo Kinachoundwa Kifudifudi

Magharibi mwa Ireland, mashua iitwayo currach huundwa kifudifudi. Fundi huanza na ukingo wa juu, huchomeka mataruma membamba yaliyopindwa, kisha hupitisha fito kwa urefu. Haina mkuku. Mwisho huvishwa turubai na kupakwa lami. Zamani, badala ya turubai, zilitumika ngozi za ng'ombe. Kazi yote inatosha uani, na ndiyo maana naipenda: mvuvi asiye na pesa za mbao nene aliweza kuikabili Atlantiki. Mwaka 1976 msafiri Tim Severin na wenzake walitoka Ireland kwa chombo cha ukoo huo, chenye ngozi 49, wakafika Newfoundland, Kanada, mwaka 1977. Barafu iliitoboa ngozi njiani. Wakaitia kiraka kwa sindano na uzi, hapo hapo baharini.