Mlio Wangu, Usingizi wa Nani?

Naomba nianze kwa kukiri, maana nikianza na falsafa utanikimbia. Mwaka 2019 nilinunua pikipiki. Si hizi za bodaboda, hapana. Ilikuwa Yamaha DragStar ya cc 650, mtumba kutoka Japan, zile ambazo wenyewe wanaziita kruza: kiti kiko chini, usukani umepanda juu, na miguu unaitanguliza mbele kama mtu aliyekaa barazani kwake anasubiri kahawa. Nilidunduliza miaka minne. Ilipofika mtaani Mwananyamala masela waliizunguka, wakashika tangi, wakasema ni bomba. Mmoja akaniomba niiwashe. Nikawasha. Wakatazamana. "Mshikaji," akasema, "mbona inanong'ona?"

Wewe ungefanyaje?

Nina shemeji Marekani, na huko pikipiki hiyohiyo iliuzwa kwa jina la V Star. Vikorokoro vya kuirembesha vimejaa tele. Nikamwomba ekzosi. Mabomba mawili marefu, kromu inang'aa hadi unajiona meno, yakaja ndani ya kontena pamoja na masufuria na godoro la mtu. Kwenye boksi palikuwa na kikaratasi kinachosema ekzosi hizo si za kutumika barabarani. Fundi wangu wa Gerezani alicheka hadi akakaa chini. Pikipiki isiende barabarani, iende wapi, chumbani?

Baadaye nilikielewa kile kikaratasi. Sheria ya Marekani inataka pikipiki ya barabarani iliyotengenezwa tangu 1986 isizidi desibeli 80 inapopimwa. Basi mwenye kiwanda anaandika sentensi moja, ananawa mikono. Muuzaji anajua, mnunuzi anajua, nadhani hata karatasi yenyewe inajua.

Kazi ya kufunga, kusema kweli, ilikuwa tamu. Nati za kwenye silinda zilikuwa zimeshika kutu. Fundi akazipulizia mafuta ya kulegeza, akaniambia twende tukanywe chai. "Dogo, nati ya ekzosi haipigwi kwa hasira. Ukikata stadi humo ndani utalia." Tuliporudi zilifunguka. Akatoa gasketi za zamani, zile pete zinazoziba pale bomba linapokutana na silinda, akaweka mpya. Nati zote akazishika kwa vidole tu kwanza, bomba likae lenyewe bila kulazimishwa, ndipo akakaza kwa spana kuanzia kwenye silinda kwenda nyuma. Jeti za kabureta zote mbili akaweka kubwa zaidi, kwa kuwa bomba likiwa wazi injini hupata hewa nyingi kuliko petroli, ikawa inapasuapasua kila ukiachia mafuta. Mwisho akachukua kitambaa na spiriti akafuta mabomba inchi kwa inchi. Nikamuuliza ya nini, mbona masafi? Akasema alama za vidole zikipata ule moto wa kwanza zinaungua juu ya kromu, hazitoki tena.

Ndani ya kila bomba kulikuwa na kizuia sauti, kimrija chenye matundumatundu, kimeshikwa na bolti moja.

"Na hivi?" fundi akauliza.

"Toa."

Nisikudanganye: mlio ule ni mzuri. Asili yake ni Harley-Davidson, kampuni iliyoanza Milwaukee mwaka 1903. Silinda zake mbili zimesimama kwa pembe ya nyuzi 45 na pistoni zote zinashika pini moja ya kranki, kwa hiyo milipuko haipokezani sawasawa. Inalipuka moja, nyuzi 315 baadaye inalipuka ya pili, kisha unakuja mwanya wa nyuzi 405. Huo mwanya mrefu ndio unaoufanya mlio uchechemee kama ngoma. Yamaha yangu ina pembe nyingine, lakini ukoo ni huohuo. Mwaka 1994 Harley-Davidson iliomba mlio wake usajiliwe kuwa alama ya biashara. Washindani wakapinga, na mwaka 2000 ikaachana na ombi hilo. Miaka sita ya ubishi juu ya nani ana haki ya kuutoa mlio! Mimi swali langu ni la upande wa pili: nani ana haki ya kutousikia?

Wenye kruza wana jibu lao tayari. Eti kelele huokoa maisha, dereva wa gari atakusikia kabla hajakugonga. Nililisema hilo kila kijiwe. Lakini Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza ajali 900 za pikipiki huko Los Angeles, ripoti yao ikatoka 1981, na ilionyesha kwamba hatari nyingi humjia mwendeshaji kutoka mbele. Ekzosi inatazama wapi? Nyuma. Anayenisikia vizuri ni yule niliyekwisha kumpita. Na usiku wa manane, nilipokuwa naingia uchochoroni kwetu mwendo wa konokono, nilikuwa naokoa maisha ya nani?

La hasha, haikuwa usalama. Ilikuwa raha, na laiti ningeiita kwa jina lake tangu mwanzo.

Chumba cha pili kutoka kwangu anaishi mzee mmoja mlinzi. Analinda usiku, analala mchana. Mimi Jumamosi mchana ndipo ninapoisafisha pikipiki na kuipasha injini, dakika kumi, kumi na tano. Kila tukikutana: "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, hajambo huyo farasi wako?" Anatabasamu. Nikahesabu ameridhia. Hakuna aliyelalamika, hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu kuu, na niliiona ni ya chuma.

Siku moja nikamkuta mjukuu wake, mtoto wa miaka mitano hivi, anasukuma kopo la maziwa na kuiga pikipiki yangu. Du-du. Du-du. Alikuwa amepata hata ule mwanya! Nikafurahi, nikamwambia arudie kwa sauti.

"Hapana anko. Babu ataamka."

"Akiamka anafanyaje?"

"Anakaa tu kitandani. Halafu anaenda kazini."

Sasa nikwambie jambo nililolificha tangu mwanzo wa makala hii. Nyumba ile ni ya baba yangu mdogo. Mzee ni mpangaji. Kunyamaza kwake hakukuwa ridhaa, kulikuwa sehemu ya kodi.

Najua utaniambia mji wenyewe ni kelele tupu: mabaa, mashine za kukoboa, muziki wa sendofu hadi alfajiri, pikipiki moja inaongeza nini? Hoja hiyo nimeigeuza sana, na ina ukweli wake. Ila ni hoja ya mtu anayetupa ganda la ndizi njiani kwa sababu njia tayari ni chafu. Na sisi tunaoandika tusijione wasafi, nasi tumo katika kutaka kusikika. Lakini andiko lina adabu moja, kwamba ukichoka unafunga kurasa, hata sasa hivi unaweza kunifunga. Shati langu la maua likikuudhi utageuza uso. Sikio halina kope.

Vizuia sauti nilivikuta kwa fundi, kavifunga kwenye gazeti. Alivirudisha bila kuuliza, akarekebisha na jeti. Masela wanasema nimezeeka. Mzee sijamwambia kitu, maana nikimwomba radhi itabidi nikiri kwamba najua kwa nini alinyamaza, na sijui ni nani kati yetu angeona haya zaidi. Bado ananiuliza habari za farasi.

Jumamosi iliyopita nilitoka kwenda Bagamoyo. Kuna kipande nilichokifikia kimenyooka, mashamba pande zote, hakuna mtu. Nilitamani ule mlio hadi kifua kikauma. Nikasimama kando. Spana ninayo chini ya kiti siku zote, na bolti ni moja tu kila bomba.